Mke Mwenza wa Eufrasia

Eufrasia alikuwa na mke mwenza. Ndoa yake ilifungwa kanisani Peramiho, mbele ya padri mwenye ndevu mpaka kifuani, na ndoa ya namna hiyo hairuhusu mke wa pili hata kwa kuota. Lakini mke mwenza alikuwa naye, tena mwanamume, Mzungu, mvaa miwani, aliyeishi ng'ambo ya bahari bila kujua kama duniani kuna mwanamke aitwaye Eufrasia. Huo ndio wivu mbaya kuliko wote. Mke mwenza wa kawaida utamkuta kisimani, mtasemezana, mtavutana nywele, roho itatulia. Huyu wa kwake hakuwa na nywele za kuvutwa.

Polikarp, mume wake, alikuwa mpishi wa Bwana Disii, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza, hapo bomani Songea, siku za mkoloni zinaelekea ukingoni. Miaka minne tu. Baada ya hapo alilima tumbaku, akalima mahindi, akazaa na Eufrasia, akaona wajukuu, akazeeka pale Ruhuwiko. Lakini ukimuuliza maisha yake yalikuwaje, atakusimulia ile miaka minne. Bwana alipenda yai lichemshwe hivi, kiini kisikaze. Bwana hakutaka kelele asubuhi. Bwana aliwahi kusema supu ya Polikarp ingemfaa mfalme. Eufrasia akitia chumvi kidogo kwenye mboga, anaambiwa Bwana naye alipenda chumvi kidogo. Akiizidisha, anaambiwa Bwana angeirudisha jikoni. Yaani hata chumvi ya nyumbani kwake alikuwa na mtu wa kugombania naye.

Halafu kulikuwa na birika. Bwana alipohamishwa aliondoka alfajiri, gari limeshawashwa, hakumuaga mtu. Alichoacha ni birika la udongo mweupe lenye maua ya bluu, mdomo umepasuka kidogo, na Polikarp akalibeba mpaka nyumbani kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto mchanga. Tangu siku hiyo lilikaa juu ya kabati na halikuwahi kutiwa chai. Eufrasia alipougua malaria kali, mwaka ambao kila mtu alidhani anakwenda, alimwomba mumewe amtilie chai humo, aonje mara moja tu. Polikarp alimletea chai kwenye kikombe cha bati.

"Lile si la kunywea, mama Aidan," alisema kwa upole.

Upole ule ndio uliomchoma. Angemfokea, angesahau.

Sasa nisikie mtu anamcheka. Kaa wewe na mwanamume miaka yote hiyo, umfulie, umzalie, umzikie wazazi wake, halafu ukiwa kitandani unatetemeka ujue kwamba kuna mtu ambaye birika lake bovu lina heshima kuliko mdomo wako. Ukishamaliza, njoo tucheke pamoja.

Basi ikafika ile enzi ya ruksa, maduka ya Songea yamejaa tena sabuni za kila rangi, na Aidan, mtoto wao mkubwa, kaacha kazi ya ualimu anauza mitumba sokoni. Ndipo habari ikaja. Bwana Disii wa zamani anakuja Songea. Tangu aondoke, ilisemwa, alipanda vyeo mpaka akawa gavana wa visiwa fulani ambavyo hakuna mtu Ruhuwiko aliyeweza kuvitamka. Sasa amezeeka, anaumwa, daktari wake amemruhusu safari moja ya mwisho, naye amechagua kuja kuwaaga watu aliowaacha bila kuwaaga.

"Kuniaga mimi," Polikarp alirekebisha, kila habari hiyo iliposimuliwa.

Mzee akabadilika. Akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi, yeye ambaye siku ya jubilei ya ndoa alikwenda kanisani na vishina vyake kidevuni. Akalitoa sandukuni kanzu lake jeupe la upishi, akalipiga pasi ya mkaa, akalivaa, akalivua, akalipiga pasi tena. Alikuwa akiimba. Eufrasia alimsikiliza akiimba uani na moyo wake ukawa mzito kama aliyemeza jiwe. Kwa ajili yake yeye hakuwahi kuimba.

Mwenyekiti Majaliwa aliitisha mkutano watu washauriane mgeni apewe nini. Wengine walisema mchele. Wengine mkeka, wengine jogoo. Polikarp akasimama, akakohoa, akavuta kanzu.

"Mimi nitampa ngao ya babu."

Ngao ile kila mtu aliijua. Ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe mwenye mabaka. Babu yake Polikarp alikwenda nayo vitani enzi za Wangoni, na Wajerumani walipokuja kunyonga watu aliificha pangoni milimani. Wajerumani hawakuipata. Mchwa hawakuipata. Ilikaa darini juu ya moshi wa jiko, baba akimwachia mwana, na baada ya Polikarp ilikuwa ya Aidan.

"Mkeo kwanza ungempa kanga mpya," alisema Egidi. Huyu Egidi alikuwa tarishi wa boma enzi zilezile, na wao wawili hawakuwahi kukubaliana nani alikuwa karibu zaidi na Bwana. Watu wakaangua kicheko. Eufrasia naye alicheka, kwa meno.

Nyumbani hakucheka.

"Ngao ni ya Aidan, baba Aidan."

"Aidan anauza nguo za kafa ulaya. Ataitundika wapi? Katikati ya sidiria?"

"Ni mtoto wako. Huyo Mzungu ni nani yako? Mimi miaka yote hii umenipa nini cha ukoo wako? Hata kigoda! Yeye aliyeondoka kama mwizi ndiye unayempa ngao?"

Polikarp alimtazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa mtu mbaya, ndiyo maana ilikuwa vigumu kupigana naye.

"Wewe ni mke," alisema. "Mke hapewi. Mke yupo."

Eufrasia aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akazipuliza kuni ambazo zilikuwa zinawaka vizuri tu. Hapo ndipo alipokata shauri.

Eufrasia, ieleweke, hakuwa Mngoni. Alikuwa Mbena, baba yake alitoka Njombe kuja kujenga makanisa kwa wamisionari na hakurudi tena. Wabena na Wangoni ni watani tangu siku zile Wangoni walipokuwa wakipanda milima kwenda kuwaibia ng'ombe. Na mtani, kwenye shughuli ya watani wake, hana adabu wala haulizwi. Ruhuwiko nzima Eufrasia ndiye aliyekuwa mtani wao. Akifa Mngoni, yeye atalala njiani mbele ya jeneza, atadai marehemu alimkopa ugali, hawapiti mpaka wampe kuku. Akioa Mngoni, atakaa kwenye kiti cha bwana harusi. Akishika kitu, ni chake mpaka kikombolewe, na atakayekasirika ataonekana yeye ndiye mjinga.

Shauri lake lilikuwa hili. Polikarp atakapoinyanyua ngao mbele ya mgeni, yeye ataruka, ataikamata. Hatairudisha kwa kuku wala kwa mbuzi. Na atasema. Atasema yote, ya yai na ya supu na ya birika, mbele ya wakubwa wa mkoa, watu wacheke mpaka mzee atamani ardhi impokee. Alitaka aumbuke. Wacha niseme wazi: alitaka amwone mumewe amesimama mbele ya mpenzi wake huyo akiwa mikono mitupu. Alilifikiria jambo hilo akipepeta mahindi na lilimpa raha kuliko sala.

Siku ilipofika alivaa kitenge kipya ambacho Aidan alimletea kutoka mjini, akajipaka mafuta, akafunga kilemba mara tatu mpaka kikakaa sawasawa. Hakuna mtu anayekwenda kumwona mke mwenza akiwa amechakaa.

Gari la mkoa lilifika kiwanjani vumbi likiwa nyuma yake, vijana wakalipokea kwa kucheza lizombe, ngoma zinagonga, njuga zinalia miguuni. Aliyeshuka kwanza ni Tumpe, binti wa Kinyakyusa, Afisa Utamaduni, aliyekuwa mkalimani wa siku hiyo. Akageuka, akampa mtu mkono. Akatoka mzee mdogo.

Eufrasia alitazama nyuma yake amwone Gavana. Hakukuwa na mwingine. Ndiye huyo, kibiongo, kofia ya majani kichwani, mikono inatetemeka, shingo imepotelea ndani ya kola. Alikuwa amejiandaa kumchukia mtu mrefu. Aliona hasira, kama mtu aliyeambiwa kwamba nguo iliyompita kwenye mnada ilikuwa na tundu. Kwa hiyo ni huyu? Miaka yote hii ni huyu?

Mgeni aliketi, akanywa maji, akahutubia kwa Kiswahili chake cha bomani kilichopata kutu.

"Mimi nilikwenda zamani bila kusema kwa heri," alisema. "Hii ilikuwa makosa. Sasa nasema."

Watu walipiga makofi, na wanawake wakapiga vigelegele, kwa kuwa mkubwa anayekiri kosa si kitu cha kila siku. Akaendelea. Aliikumbuka milima ya Matogoro asubuhi. Aliikumbuka barabara ya Njombe wakati wa masika. Alimkumbuka mbwa wake, akamtaja kwa jina, akasema alimzika nyuma ya boma, na hapo sauti yake ikakatika, akatoa kitambaa akajifuta.

Polikarp, katika kanzu lake jeupe, alikuwa amesimama mstari wa mbele na ngao imefunikwa shuka. Kila jina lilipotajwa alinyanyua kidevu. Mbwa yule, yeye ndiye aliyekuwa akimpikia nyama. Alitabasamu, akangoja. Hotuba ikaisha.

"Mbwa katajwa," alisema Egidi taratibu, ila si taratibu sana.

Eufrasia alisikia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo raha yake ikawa na ladha nyingine. Alisogea karibu zaidi.

Majaliwa akatangaza zawadi. Polikarp alitoka mbele, akaivua ngao shuka, watu wakasema "Eee!" kwa pamoja, kwani hata waliowahi kuiona hawakuwahi kuiona juani. Akaishika kwa mikono miwili, kama alivyoshika lile birika, akapiga goti moja.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba," alijibu mgeni. Akamwinamia, akakaza macho. "Jina lako nani, mzee?"

Polikarp alicheka. Bwana alikuwa mtu wa mizaha, wote wanajua.

"Polikarp, Bwana!"

Mgeni aliendelea kumtazama.

"Polikarp," mzee alirudia, na cheko lake likaanza kulegea pembeni. "Wa jikoni, Bwana. Mayai."

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Eufrasia alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kile kiti, na aliyaona macho ya yule Mzungu. Alitafuta ndani yake, yule mgeni, alitafuta kwa bidii, Eufrasia hawezi kusema hakutafuta. Hakukuwa na kitu. Midomo ilifunguka kidogo, na macho yakaondoka usoni kwa Polikarp, yakamwendea Tumpe kuomba msaada. Mikono ilikuwa imeshanyooshwa kupokea ngao.

Hiki ndicho alichokitaka. Hakuhitaji hata kusema neno. Ilibaki kidogo tu, Tumpe afungue mdomo kuuliza mzee huyu ni nani, Egidi apasue kicheko, na mumewe angeumbuka kuliko alivyoweza kumuumbua yeye. Alitazama kisogo cha Polikarp. Alikuwa amenyoa mpaka nyuma ya masikio, na pale pembeni amejikata, kuna tone la damu lililokaukia kwenye kola ya lile kanzu.

Eufrasia akaruka.

"Simama hapohapo, Mngoni!" Sauti yake ilifika barabarani. Akaikamata ngao kwa mikono yote, akaivuta, akaikumbatia kifuani. "Ngozi hii naijua! Huyu ni ng'ombe wa babu yangu! Mlimswaga kutoka Ubena, mkamla, mkajishonea ngao, leo mnamgawia mgeni? Wezi wakubwa!"

Kiwanja kilipasuka kwa kicheko. Mtani ameingia! Wanawake walijipiga mapaja, vijana wa lizombe wakapuliza filimbi. Polikarp alibaki na goti chini na mikono hewani.

"Na wewe Bwana!" Eufrasia akamgeukia Gavana, kidole kimenyooka. "Usijifanye humjui mwizi huyu! Polikarp, mpishi wako, alikuchemshia mayai miaka minne! Alikupikia supu ukasema inamfaa mfalme! Alimlisha na mbwa wako! Kumbe ulikuwa unafuga jikoni mwako mjukuu wa mwizi wa ng'ombe, ukala kwa mkono wake ukanenepa! Mwambie, binti, mwambie lote, usipunguze!"

Tumpe alikuwa na akili. Alimtazama mama huyu mara moja tu, usoni, akainama sikioni kwa mgeni, akatafsiri polepole. Mzee wa Kizungu alisikiliza. Uso wake ukafunguka.

"Polikarp!" alisema kwa sauti. "Mpishi wangu!"

Watu wakashangilia. Polikarp akasimama, machozi yanamtoka, akashikwa mkono, mkono ukatikiswa kwa muda mrefu. Egidi alipiga makofi kama anayeua mbu. Lakini ngao ilikuwa bado kifuani kwa Eufrasia, na mgeni alipoambiwa kwamba kilichoshikwa na mtani hukombolewa, alivua kofia yake ya majani akaitoa.

"Kofia ni mguu mmoja," Eufrasia alisema. "Ng'ombe ana minne."

Wakacheka tena. Akaipokea kofia, akamgeukia mumewe, akamvika kichwani, akaivuta kidogo mpaka kidonda cha wembe kikafichika. Ngao hakuitoa. Mgeni akapewa mkeka na jogoo na akashukuru kwa vyote viwili. Alipopanda gari aliwapungia watu wote mkono, sawasawa, mmoja baada ya mwingine.

Jioni Polikarp alikaa uani, kofia magotini. Eufrasia aliirudisha ngao darini kwa mikono yake, akashuka, akaanza kuchambua mboga.

"Umeniharibia," alisema Polikarp.

Eufrasia akaendelea kuchambua.

"Alikuwa ananikumbuka. Mama Aidan, mimi nilikuwa mbele yake, niliona. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, jina lilikuwa hapa." Akagusa ulimi wake kwa kidole. "Ungengoja kidogo tu, kidogo, angenitaja mwenyewe. Sasa kanitaja kwa sababu wewe ulimtajia. Nitajuaje mimi? Kesho na keshokutwa, nitajuaje?"

Aliuliza akiwa anamkazia macho, na hakukuwa na hasira machoni mwake. Alikuwa anaomba. Eufrasia alilielewa swali, na jibu lilikuwa mdomoni mwake, kali, lililoiva, alilolingoja tangu lile birika lipande juu ya kabati. Angeweza kumwambia alichokiona. Sentensi moja tu, na mke mwenza angekufa, akazikwa nyuma ya boma na mbwa wake.

Alikata shina la mboga, akalitupa kwa kuku.

"Ni kweli," alisema. "Alikuwa anakutaja. Na mimi niliona."

"Uliona?"

"Niliona. Ndiyo maana niliruka. Sikutaka nisikie akikutaja." Akainua uso. "Ni wivu, baba Aidan. Wivu tu. Nisamehe."

Polikarp alivuta pumzi ndefu sana. Kisha mabega yake yakashuka, na uso wake wote ukalainika, ukawa wa kijana.

"Nilijua," alisema. "Nilijua alikuwa ananitaja."

Kesho yake alipigilia msumari ukutani juu ya kabati, akaitundika kofia pale, birika chini yake. Sasa walikuwa wawili. Eufrasia ndiye aliyewapangusa vumbi. Na mzee akamsamehe, tena si kidogo. Alimsimulia kila aliyepita jinsi Gavana alivyofungua mdomo kumtaja na mke akamrukia kwa wivu. Kila Jumapili baada ya misa alimsamehe upya, mbele ya watu, mkono begani, na Eufrasia alisimama hapo kando yake akiangalia chini, akisamehewa.